Ndege Iliyoanzia Tumboni

Watu wanaotengeneza mfano wa ndege, nimewaona kwenye simu, huanza na pua au na mbawa. Fundi wetu alianza na tumbo. Alikata bati, akalikunja polepole juu ya bomba la maji hadi likawa kama kipande cha mfereji wa paa, akaliweka kwenye benchi na kuniambia kwamba hilo ni tumbo la ndege ya kurusha mabomu. Nilikuwa nimerudi nyumbani likizo kutoka chuo. Nikamuuliza mgongo uko wapi.

"Mgongo sikuuona," akasema.

Nilidhani ananitania, maana alikuwa na utani mkavu ambao ulikufikia ukiwa umeshaondoka pale. Siku ile hakuwa anatania, na ilinichukua miaka kulielewa jibu lile.

Simtaji jina kwa sababu mtaani kwetu Kiwalani hakuna aliyemwita kwa jina. Mafundi tulikuwa nao wa kila namna, wa magari, wa cherehani, wa simu, wa redio, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni yule mzee wa mabati aliyekaa kwenye kibanda mbele ya nyumba yake, uchochoro wa pili kutoka kwetu. Alitengeneza majiko ya mkaa, ndoo za kumwagilia bustani, mifereji ya paa, mifuniko ya masufuria makubwa ya shughuli, na masanduku ya watoto wanaokwenda shule za bweni. Sanduku langu la sekondari alilitengeneza yeye. Lilikuwa halifunguki mpaka ulipige ngumi pembeni, chini kidogo ya bawaba. Nilipolirudisha kulalamika akaligeuza, akalitazama, akanirudishia vilevile. Akasema mwizi hapajui hapo mahali.

Mimi aliniita Bi Kwanini. Jina lilianza nikiwa darasa la tano, nilipomuuliza kwa nini majiko yake yana matundu kumi na mbili na si kumi, na aliposema ndivyo alivyofundishwa, nikamuuliza aliyemfundisha alifundishwa na nani. Mama yangu aliona aibu. Fundi akatoboa jiko lenye matundu kumi, akaliwasha pembeni ya lile la kumi na mbili, tukakaa kutazama maji yakichemka. La kumi na mbili lilitangulia. "Haya, sasa na mie najua," akasema. Nadhani ndiyo siku nilipoanza kumpenda, kwa sababu watu wazima wengine wote niliowauliza maswali waliniambia nikacheze.

Nyumba yake ilikuwa chini ya njia ya ndege. Zote zetu zilikuwa, maana uwanja wa ndege uko hapo jirani, ila sisi tulikwishaacha kuzisikia. Ndege ikipita tulinyamaza katikati ya sentensi bila kujua, tukaendelea ikishapita. Fundi hakuzoea. Ndege ilipokaribia aliweka nyundo chini, akatoka kibandani, akaitazama tumbo mpaka ipotee nyuma ya mapaa, kisha akarudi kwenye kazi. Aliweza kukuambia, mgongo wake ukiwa umeelekea barabarani, kwamba hiyo ni ya pangaboi, hiyo haina, hiyo imebeba mzigo mzito. Wanunuzi waliokuwa na haraka waliudhika. Mkewe, ambaye wote tulimwita Mama Fundi, alikuwa na kiwanja Chanika alichorithi kwao, na kwa miaka mingi alimwomba wahamie huko wajenge vyumba viwili, wafuge kuku, wapumzike na hizo kelele. Fundi alikataa. Nilimuuliza inakuwaje mtu asiyeweza kukaa kitako ndege ikipita achague kuishi hapa, mji ulivyo mkubwa.

"Chanika kimya," akasema, kana kwamba kimya ni ugonjwa unaojulikana.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Aliwapa majiko wajane wasio na kitu na hakutaka kushukuriwa, lakini alibishana nusu saa nzima na mtu aliyetaka msumari mmoja wa ziada. Hakukosa sala msikitini, na hakukaa hata dakika moja barazani baada ya sala. Ila lililowaudhi watu zaidi ni shughuli. Kwetu, mtu akifa au akiozesha binti, wanaume wa mtaa huingia uani kusaidia kupika pilau, na hapo ndipo ujirani unapojulikana: nani kakuna nazi, nani kakoroga, nani kakaa mbali na moshi kwa sababu ya kanzu yake mpya. Fundi alitengeneza mifuniko ya masufuria ya mtaa mzima na hakuwahi kuingia uani yanapopikiwa. Kwenye arobaini ya bibi yangu alileta mifuniko mitatu mpaka kwenye geti, akanikabidhi, akabaki barabarani. Mpishi mkuu akamwita kwa sauti aje aonje chumvi. Akakataa kwa mkono. Mpishi akasema Fundi anaogopa sufuria zisije zikamuuliza bei ya mfuniko, na ua mzima ukacheka. Mimi nilikuwa nimesimama naye. Alikuwa akitoka jasho, na ilikuwa asubuhi, jua halijapanda.

Mama yangu alisema ana maringo. Mimi nilisema labda anaumwa na moshi. Sote tulikuwa na uhakika.

Habari ya vita nilimchokonoa mwenyewe, wiki ileile ya tumbo la bati. Mvua ilikuwa inanyesha, hakuna mteja, na mimi sikuweza kuvumilia neno "sikuuona" likae hivyo bila maelezo. Alinieleza huku akiendelea kugonga nukta ndogo kwenye bati kwa ncha ya msumari, kutoka ndani kwenda nje, safu kwa safu, ili zionekane kama vichwa vya ribiti zinazoshika bati za ndege. Wakati wa vita vya Kagera alikuwa mgambo, kijana wa Temeke aliyekuwa hajawahi kuvuka Morogoro. Walimweka juu ya kilima nyuma ya kambi. Kwenye mti palikuwa na rimu ya lori inayoning'inia, na yeye alikuwa na kipande cha chuma. Kazi yake ilikuwa kutazama mbingu. Akiona ndege ya adui apige rimu, na wote walioko bondeni waingie kwenye mahandaki.

Ugumu ni kwamba hata ndege zetu zilipita. Mwenzake aliyekuwa zamu kabla yake aliwahi kuipigia rimu ndege yetu ya mizigo. Kambi nzima ikakimbia, uji ukamwagika, na yule mwenzake akabebeshwa mawe siku mbili. Kwa hiyo Fundi aliambiwa awe na hakika kwanza. Asubuhi moja, mnamo saa tatu, ndege ikaja kutoka upande wa jua. Alidhani ni yetu. Hakupiga. Wapishi watatu walikuwa kwenye masufuria bondeni.

Baadaye ofisa alimwita, akamuuliza. Akasema alidhani ni yetu. Ofisa akaandika, akamwambia aende akale.

"Kula nini?" Fundi akaniuliza, akinitazama kana kwamba ni mimi niliyempa amri hiyo.

Sikuamini yote. Ni tabia yangu, sijisifu nayo. Hakuwa na cheti, hakuwa na picha, hakuwa na nishani, na wazee wa umri wake wengi wana vita wanavyovisimulia. Nilipomuuliza Mama Fundi kama mumewe alikwenda Kagera, alisimama na ungo mkononi, akasema alijua alikwenda, ila habari ya wapishi ndiyo kwanza anaisikia kwangu.

"Miaka thelathini na tano," akasema. "Mie napikaga nje, yeye anakulaga ndani mlango umefungwa. Nilidhani hapendi moshi."

Hapo nikaamini.

Ndege iliendelea kukua. Fundi aliifanya jioni baada ya kazi, kwa makopo ya mafuta ya kupikia, vipande vya sufuria, na spoki za baiskeli. Mbawa zilikuwa nyembamba, zimelala nyuma kama za mbayuwayu anaposhuka. Nyuma ya kila bawa palikuwa na kifuko kirefu ambamo magurudumu hujificha. Tumboni aliweka milango miwili mirefu iliyofunguka kweli, bawaba zake ni pini za kushonea, na ndani yake akapanga misumari minne minene, imekatwa vichwa. Upande wa chini wote aliupaka rangi ya kijivu aliyoichanganya mara tano au sita mpaka akaridhika. Upande wa juu hakuugusa. Ukiitazama kutoka juu uliona maandishi ya kopo la mafuta na ua la alizeti limekatwa katikati. Nilimwonyesha picha za ndege za aina hiyo kwenye simu yangu ili ajue mgongo wake ulivyo. Akaisukuma simu kwa kiwiko. Akasema aliyepiga hiyo picha alisimama mahali pengine.

Kitu kimoja kilinishangaza hata wakati ule. Karibu na mkia, chini, alipaka masizi ya jiko kwa kidole, michirizi miwili isiyolingana, wa kushoto mrefu zaidi. Akasema ndege iliyotoka mbali huwa chafu. Nikamuuliza mtu aliyeiona ndege dhidi ya jua, akaidhania nyingine, aliuonaje mchirizi wa masizi. Alifuta kidole kwenye suruali muda mrefu.

"Nimeona kwenye picha," akasema.

Nililiacha likapita. Mimi, ambaye silali swali likiniwasha, nililiacha, labda kwa sababu alikuwa mzee na mvua ilikuwa imeanza tena.

Alichotaka hakikuwa pambo. Alitaka kuitundika juu, alale chini, aitazame kama alivyoitazama siku ile, ajue kama jicho la binadamu lingeweza kuitambua au la. Hilo tu. Kama lisingeweza, basi. Kama lingeweza, basi pia, lakini kwa namna nyingine. Aliniuliza aitundike juu kiasi gani, kwa kuwa mimi nilikuwa nasoma hesabu. Nilifurahi sana, naona aibu nikikumbuka nilivyofurahi. Nilitafuta urefu wa ndege yenyewe, nikapima ya kwake, nikapata kwamba imepungua mara hamsini. Yule ofisa aliwahi kumwambia Fundi kwamba siku ile ilipita juu yao kwa mita mia sita hivi. Gawanya kwa hamsini. Mita kumi na mbili.

Jirani na kibanda kulikuwa na jengo la ghorofa nne lisilo na madirisha, ambalo watoto wa marehemu mwenye nyumba walikuwa wakilishitakiana mahakamani. Tuliliita ghorofa la warithi. Kutoka kwenye ghorofa ya juu mpaka mnazi wa upande wa pili ungeweza kufunga waya, ndege ikateleza juu yake kwa kuvutwa na uzi. Mlinzi wa jengo, mzee wa Lindi mwenye maneno mengi, alikubali bila kubembelezwa. Akasema kwa miaka sita amelinda matofali, sasa angalau atalinda jeshi la anga.

Kila kitu kilikuwa tayari. Kisha nikafungua mdomo.

Nilimwambia Fundi kwamba jaribio lile halitathibitisha kitu. Ndege ameitengeneza mwenyewe. Akilala chini anajua tayari kinachokuja ni nini, na macho yanaona linalojulikana na moyo. Chuoni tulifundishwa hivyo wiki ya kwanza: anayepimwa akilijua jibu, umepima kumbukumbu yake, hukupima macho yake. Ziwe ndege mbili, nikasema, ya kwao na ya kwetu, na achague mtu mwingine ipi ipite, na yeye Fundi asijue.

Alikaa na koleo mkononi. Mlinzi, aliyekuwa akisikiliza kutoka ngazini, akasema huyu mtoto wenu hata kaburini atawauliza malaika Munkari na Nakiri kitambulisho. Hakuna aliyecheka.

"Unataka nitengeneze nyingine," Fundi akasema.

"Kama unataka kujua kweli."

Akatikisa kichwa kukubali, taratibu. Nilimwona akihesabu. Nilidhani anahesabu makopo.

Ile ya pili ilimchukua zaidi ya miaka miwili. Mimi nilimaliza chuo, nikapata kazi ya takwimu kwenye ofisi moja mjini, nikapanga chumba Kinondoni, na Kiwalani nikawa nafika sikukuu kwa sikukuu. Ndege yetu ilikuwa ya mizigo, nene tumboni, mbawa zimenyooka kama mbao za dirisha, na pangaboi mbili zilizozunguka ukizipuliza. Kila nilipofika nilikuta imesogea kidogo, na kila mara aliiinua karibu na uso zaidi kuliko mara iliyopita. Nilidhani ni umakini. Mara moja alinipa pangaboi niitazame, akanyoosha mkono pembeni yangu, pale ambapo sikuwepo. Nikausogelea mkono ule nikakipokea kile kitu, sikuuliza. Nimekwisha kusema kwamba nauliza kila kitu. Si kweli.

Ilikuwa presha ya macho. Mama Fundi aliponipigia simu tayari walikuwa wametoka hospitali, na daktari amewaambia kwamba nuru iliyokwisha kwenda hairudi, dawa ni za kulinda hiyo kidogo iliyobaki. Alisema daktari alimuuliza mzee kama hakuwa akiona dalili. Mzee akajibu alikuwa na kazi ya kumaliza. Mama Fundi hakunilaumu. Alinieleza tu kwa mpangilio, kama anavyonieleza habari za msiba wa mtu wa mbali, na mwisho akasema, "Lakini ndege yako imekwisha."

Yako. Nilikaa na neno hilo kitandani kwangu Kinondoni, simu mkononi.

Sikwenda mwezi huo. Wala uliofuata. Nilijipa sababu za kazi na foleni. Mara nyingi nilifikiri kwamba ningeyameza maneno yale pale ngazini, angelala chini siku ileile na ndege yake moja, akaitazama na macho yake mazima, akaamini alichotaka kuamini. Ingekuwa si kweli, lakini angekuwa anaona. Halafu akili yangu inajibu kwamba ugonjwa ungekuja tu. Halafu inauliza una hakika gani. Sina.

Nilimwona tena Jumapili moja ya mwaka jana. Alinitumia salamu kupitia mama yangu kwamba anataka tumalize. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda katikati ya uwazi ulioko kati ya ghorofa la warithi na mnazi, kanzu safi, uso umeelekea juu kidogo kuliko inavyotakiwa. Alikuwa amekonda. Pembeni yake, kwenye miguu mitatu ya mbao, ilining'inia rimu ya lori aliyoazima kwa mziba pancha. Chini kulikuwa na jamvi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Bi Kwanini. Saa ngapi?"

Nikamwambia inakaribia saa tatu. Akasema vizuri, basi jua liko palepale. Akaeleza utaratibu kwa sauti ya mtu aliyeurudia peke yake mara nyingi. Macho yake hayafai tena, kwa hiyo nitalala mimi. Mlinzi yuko juu na ndege zote mbili, ataitundika mojawapo na kuivuta. Mimi sijui ipi. Ikiwa ya kwetu, ninyamaze. Ikiwa ya kwao, nipige rimu. Akanipapasia kipande cha chuma mkononi, kizito, kimeshikwashikwa mpaka kikalainika.

Nikalala. Mama Fundi alikuwa amesimama mlangoni kwake na kanga kichwani, hakuja karibu. Jua lilinipiga usoni, nikakunja macho. Mlinzi akapiga mluzi kutoka juu, waya ukaanza kulia, na ndege ikatoka kwenye ukingo wa zege.

Mbawa zilikuwa zimelala nyuma.

Sikuhitaji hata nusu ya waya. Sikuhitaji kijivu, wala vifuko vya magurudumu, wala milango ya tumbo. Lilikuwa umbo tu, jeusi dhidi ya mwanga, na hakuna mtu mwenye macho angelidhania ile nyingine yenye mbawa za mbao za dirisha. Nilijua nilichokuwa nimeshika mkononi. Nikipiga, nimemwambia mzee huyu kwamba miaka zaidi ya arobaini iliyopita jicho lake lilikuwa zima na damu ya wapishi watatu iko juu yake. Ndege ikapita juu ya uso wangu, kivuli chake kikanipitia kifuani, ikaendelea mpaka mnazini ikagonga shina na kusimama.

Sikupiga.

Fundi alisubiri. 

"Ilikuwa ipi?" akauliza.

"Yetu, Fundi."

Akainamisha kichwa. Nilijiinua nikakaa, na kwa kitambo nilijisikia nimefanya jambo jema la kwanza maishani mwangu ambalo sikulipima. Kisha akanyoosha mkono, akapapasa hadi akakipata kile chuma kwenye kiganja changu, akakichukua.

"Nilimwambia aweke ya kwao," akasema.

Nilimkumbusha, kwa sauti ambayo sikuitambua, kwamba tulikubaliana achague mlinzi, sisi tusijue.

"Tulikubaliana wewe usijue. Mie nilitaka kujua kama utapiga." Hakuwa na hasira. "Uliitambua lini?"

Hakukuwa na pa kukimbilia. "Ilipotoka tu."

"Kwa nini? Masizi?"

"Mbawa."

"Mbawa," akasema. Akarudia mara ya pili kwa sauti ndogo zaidi, kama mtu anayesikia jina la mtu aliyemjua. "Hata mie. Ilipotoka tu."

Mama Fundi alikuwa ameshuka kwenye ngazi ya mlango. Alisimama palepale aliposikia. Mlinzi alikuwa ametoa kichwa kule juu, akitaka kuuliza kama arudishe waya, akaona tulivyokaa, akakirudisha kichwa ndani.

Nikamuuliza. Nisingeweza kutouliza, na nadhani alikuwa amenileta pale kwa sababu hiyo, mimi na si mtu mwingine, maana mtu mwingine angemhurumia akaishia hapo. Nikamuuliza kama aliiona, na alijua, na rimu ilikuwa mbele yake, kwa nini hakupiga.

"Nilikuwa peke yangu kule juu," akasema. "Wao walikuwa na mahandaki. Mie nilikuwa na mti. Nilidhani nikipiga itanisikia, itanigeukia mimi."

"Ndege haisikii, Fundi. Rubani hasikii kitu."

"Najua," akasema. "Sasa najua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Bi Kwanini, na ile rimu ilikuwa na sauti kubwa sana."